Ada ya mwaka wa kwanza ibaki hiyohiyo mpaka mtoto amalize chuo

Ndugu Mhariri, shikamoo kama umenizidi umri, kama hujanizidi basi salaam. Naomba kanafasi kwenye gazeti lako niseme hili la ada za vyuo vikuu vya umma, maana naona watu wanalijadili kichwakichwa tu, huyu anasema elimu ya juu iwe bure kabisa, yule anasema vyuo viachwe vijipangie vyenyewe, na yule mzazi wa Mpwapwa au Chemba anayeuza gunia ili mtoto asome hakuna hata anayemuuliza.

Mi nina steshenari huku Ng'ong'ona, jirani na chuo. Natoa kopi, naprinti, naskani, na ukifika msimu wa mikopo najaza maombi ya Bodi ya Mikopo ya watoto waliomaliza fomu siksi mpaka usiku. Kwa hiyo karatasi za ada za vyuo vingi zinapita mikononi mwangu, za hapa Dodoma, za Dar, za Morogoro, za Mbeya, na wazazi wanakuja nazo wameshazikunja mara nne wananiambia hebu nisomee hapa jumla ni shilingi ngapi. Jumla yenyewe mara nyingi haipo. Juu kuna ada, halafu chini yake inaanza misururu, usajili, kitambulisho, mtihani, serikali ya wanafunzi, hela ya tahadhari, 20,000 ya TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu, kila mwaka, bima ya NHIF 50,400 kwa ambaye hana bima ya nyumbani, hapo bado hosteli, bado fildi. Mzazi anashika ile namba ya juu anaondoka nayo kichwani akijua ndo deni lake, huku chini hajafika.

Sasa hebu mfikirie huyu mzazi katokea wapi. Tangu Januari 2016 kidato cha kwanza mpaka cha nne hakuna ada kwenye shule za serikali, na kuanzia mwaka wa fedha wa 2022/23 kidato cha tano na sita nako ada ikafutwa, jambo zuri sana na mi nalipongeza wala sina kinyongo. Lakini maana yake ni kwamba familia nyingi za huku ada ya kwanza kabisa kuiona maishani ni ya chuo kikuu, na inakuja na michango yake. Na inakuja Oktoba au Novemba wakati Dodoma mvua ni moja tu kwa mwaka, watu wanavuna kuanzia Mei, alizeti wanaiuza muda huohuo bei ikiwa chini kwa sababu kila mtu anauza, na mwaka 2023 tuliona wenyewe ilivyoporomoka watu wakabaki na magunia ndani. Ikifika Oktoba hela imeshaliwa au imeshalipa madeni.

Ninachotaka kusema ni kimoja. Ada na michango yote anayoambiwa mtoto siku anapokubali nafasi ya chuo, ibaki hiyohiyo mpaka amalize kozi yake, iwe miaka mitatu ya ualimu au minne ya sheria au mitano ya udaktari. Chuo kikitaka kupandisha kipandishe kwa wanaoingia mwaka unaofuata, na kitangaze kabla dirisha la maombi halijafunguliwa ili mtu achague akijua. Huwezi ukanikatia tiketi ya Singida hapa stendi halafu tukifika Manyoni konda anasema nauli imebadilika ongeza au shuka. LATRA wanaosimamia usafiri watakufungia. Na mafuta ya gari tunajua kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA wanatangaza bei kikomo na kituo kikizidisha kina kesi ya kujibu. Kwa nini nauli ya basi iwe na mlinzi na ada ya mtoto aliyeko mwaka wa pili isiwe naye? Ada za vyuo vya umma zinapita kwenye mabaraza ya vyuo vyenyewe, sawa, lakini anayeuza na anayepanga bei ni huyohuyo.

Wengine wataniambia acha kelele si kuna mkopo. Ndio upo, na umesaidia watoto wengi sana tangu Bodi ianze kazi 2005, hata mi mdogo wangu kasoma kwa mkopo. Ila wanaosema hivyo hawajawahi kukaa na karatasi na kalamu. Tufanye mfano. Ada ni 1,300,000, mtoto kapata mkopo wa ada asilimia 60, yaani 780,000, mzazi inabaki 520,000. Chuo kinaongeza 200,000. Kwa chuo hilo ni ongezeko la asilimia 15 hivi, linasikika la kawaida tu. Lakini kama fungu la mkopo limebaki palepale, ile 200,000 yote inamwangukia mzazi, 520,000 inakuwa 720,000, kwake hiyo ni karibu asilimia 38 kwa mpigo. Na hata Bodi ikisema itaongeza na yenyewe, hela hiyo si zawadi, mtoto ataanza kazi akatwe asilimia 15 ya mshahara kila mwezi mpaka iishe. Sasa hivi afadhali, zamani kulikuwa na ile asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo ambayo ilikuwa inazaa kila mwaka, Rais Samia akaifuta 2021. Kwa hiyo mambo haya yanabadilishika wakubwa wakiamua, nani alidhani ile itafutwa?

Halafu kuna hili la bumu. Posho ya chakula na malazi ilikuwa 8,500 kwa siku ikapandishwa ikawa 10,000, tunashukuru, lakini pango la vyumba huku tangu serikali ihamie Dodoma mnalijua wenyewe, mwenye nyumba anaangalia mtumishi wa wizara anachoweza kulipa sio mwanafunzi. Ninachokiona hapa dukani ni kwamba mchango wa chuo ukiongezeka mtoto hapigi simu nyumbani, anajua baba hana, analipa kwa bumu, halafu anakuja kunikopa kopi ya shilingi 100. Wanaoshindwa kabisa mtihani ukikaribia wanazuiwa kwa sababu hawajamaliza kulipa, wengine wanaahirisha mwaka. Kuna binti wa Kondoa alikuja kuprinti barua ya kuahirisha, alikuwa mwaka wa tatu, amebakiza semista moja. Chuo sikitaji, na wala si yeye peke yake. Semista moja jamani!

Nisiwe mtu wa upande mmoja. Vyuo navyo vina shida zao, serikali inalipa mishahara lakini hela za uendeshaji zinachelewa au zinakuja pungufu, kemikali za maabara na majarida ya kitaaluma vinanunuliwa kwa dola, mabasi yanataka dizeli, majengo yanataka rangi. Enzi za Mwalimu serikali ililipa kila kitu kwa wanafunzi wachache, na tangu uchangiaji gharama uanze miaka ya 90 idadi imekuwa kubwa mno kurudi kule, mi sidai bure. Nadai tu kwamba mwenye shida ya bajeti akaidai Hazina, asiimalizie kwa mtoto ambaye ameshaingia ndani na hawezi kutoka. Maana huyo ndo rahisi kuliko wote, akiwa mwaka wa pili ataenda wapi? Kuhama chuo ni kuanza kuhangaika na kozi alizosoma kama zitakubaliwa kule, na mkopo nao unataka utaratibu wake wa kuhamisha.

Wala sio kitu cha ndoto. Jimbo la Illinois huko Marekani walitunga sheria 2003, kuanzia 2004 mwanafunzi mkazi wa jimbo anayeingia chuo cha umma ada yake inakaa hivyohivyo miaka minne. Afrika Kusini hapahapa barani kwetu walisubiri mpaka 2015 pale chuo cha Wits kilipotangaza nyongeza ya asilimia 10.5, wanafunzi wakaingia barabarani, vyuo vikafungwa, ikabidi Rais Zuma atangaze kwamba mwaka 2016 hakuna kupandisha hata senti. Hatuna haja ya kufika huko kwenye mabomu ya machozi.

Hao wa Illinois wana somo lingine ambalo watetezi wenzangu huwa wanaliruka. Chuo kikijua hakiwezi kugusa ada katikati, kinavuta zaidi mlangoni, yaani wa mwaka wa kwanza wanapandishiwa kwa kujihami. Ndo maana kufunga katikati peke yake hakutoshi, na mlangoni nako kuwe na kikomo, na kikomo rahisi kuliko vyote ni mfumuko wa bei ambao NBS, ofisi ya takwimu ya taifa, wanautoa kila mwezi. Miaka hii ya karibuni unacheza kwenye asilimia 3 na pointi. Asilimia 3 ya ile 1,300,000 ni 39,000, mzazi atanung'unika ila ataitafuta. Chuo kinachotaka zaidi ya hapo kiende kwa Waziri kikajieleze kwa maandishi na maandishi hayo yabandikwe tuyaone, tena na ile michango ya chini yote iingizwe kwenye namba moja, kontroli namba moja, kwa sababu ukifunga ada ukaacha michango wazi umefunga mlango na dirisha liko wazi.

Wabunge wetu kuanzia Aprili mpaka Juni wako hapahapa Dodoma kwenye bajeti, kutoka bungeni mpaka huku Ng'ong'ona ni mwendo mfupi wa bajaji. Bajeti ya Wizara ya Elimu ikisomwa, naomba hata mmoja tu asimame amuulize Waziri swali hili bila kuzunguka: mtoto anayeingia mwaka wa kwanza Oktoba hii, mwaka wa tatu atalipa shilingi ngapi? Jibu lake mlichapishe, mi nitalibandika dukani.

Mwenye steshenari,
Ng'ong'ona, Dodoma