Risala ya Kikundi cha Familia za Wasiosikia Vizuri kwa Mgeni Rasmi, Katuba, Lubumbashi

Mheshimiwa Daktari, mgeni wetu rasmi,
Wazee wetu, walimu na wazazi,

Karibu Katuba. Umetuheshimu kuja leo, tarehe 3 Machi, Siku ya Kusikia Duniani. Tuna jambo moja la kukueleza.

Mtu akienda kupimwa masikio, hutoka na karatasi ya mistari na desibeli, yaani vipimo vya ukubwa wa sauti. Kipimo hicho tunakihitaji. Lakini wawili wenye mistari ileile, mmoja anaendelea na biashara yake sokoni, mwenzake amejifungia chumbani, na karatasi haisemi ni yupi.

Baba wa mwenzetu mmoja alifanya kazi miaka mingi penye mitambo ya shaba. Kila akiulizwa hospitalini, binti yake ndiye aliyejibu. Siku moja tulikaa naye uso kwa uso, tukamsomea polepole, kwa Kiswahili, maswali kumi ya dodoso linalouliza jinsi shida ya kusikia inavyogusa maisha ya mtu. Kwenye swali la ibada akanyamaza. Kisha akasema: "Naenda, lakini nakaa nyuma. Wakicheka, nami nacheka." Binti akainama. Hakuwa akijua.

Dodoso hilo lilitungwa Marekani na Ventry na Weinstein mwaka 1982, likiwa na maswali 25, baadaye likafupishwa kuwa haya kumi. Jibu la "ndiyo" ni alama 4, "mara nyingine" alama 2, "hapana" alama 0. Jumla ikizidi 8, mtu apelekwe kwa uchunguzi zaidi. Liko jingine kutoka Australia, la mwaka 1997, ambalo sisi tunalipenda zaidi: mgonjwa mwenyewe hutaja mambo yasiyozidi matano anayotaka kuyasikia, na akishavaa kifaa cha kusikia huulizwa yaleyale. Mama mmoja wa hapa alitaja mashine ya kusaga mahindi: asikie zamu yake ikiitwa. Nani mwingine angeliandika hilo?

Mheshimiwa, tunaomba maswali haya yaingie katika huduma yenu, kwa Kiswahili cha hapa kwetu, yakiwa yamejaribiwa kwanza na wazee wenyewe. Asiyesoma asomewe. Mtoto asimjibie mzazi. Na mgonjwa aulizwe tena baada ya wiki kadhaa, maana kifaa kilicholala kabatini hakionekani kwenye desibeli.

Katika bahasha hii mna majibu ya wazee wetu, bila majina, kwa ridhaa yao. Karatasi iliyo juu ya nyingine ni ya yule baba. Tunaomba uipokee.