Uasi wa kiraia hauishii kwa Rawls

Mhariri,

Nafundisha somo la uraia, na makala yenu kuhusu uasi wa kiraia, yaani kuvunja sheria kwa makusudi ili kupinga dhuluma, imeniacha na kiu. Iliishia kwa John Rawls, mwanafalsafa wa Marekani: mpinzani avunje sheria hadharani, bila vurugu, kisha akubali adhabu. Hayo ni ya 1971. Mwaka 2018 Candice Delmas, mwanafalsafa anayefundisha Marekani, alijenga hoja kwamba misingi ileile inayotutaka tutii sheria, kama vile haki na wajibu wa kumwokoa aliye hatarini, hututaka pia tupinge dhuluma, hata kwa siri. Anayemficha mkimbizi atajitangazaje? Akijitangaza, atakayekamatwa kwanza ni mkimbizi mwenyewe! Tafadhali wapeni wasomaji hoja hii, pamoja na mipaka yake: Delmas anasisitiza kuheshimu uhai na miili ya wengine.

Mwalimu wa uraia