Shukrani kwa kaka aliyeniokolea boila, mtambo wa kupasha nyumba joto

Kaka yangu uliyekaa nami kwenye simu ya video usiku ule wa Jumapili, nakushukuru kwa moyo wote. Hapa Leicester, Uingereza, baridi ilikuwa kali, watoto wamelala na majaketi, nami nimeshika bisibisi mbele ya kipokezi cha themostati, yaani kisanduku kinachopokea amri ya themostati ya kuwasha na kuzima boila. Uliniambia nizime umeme kwanza. Kisha ukakiona kile kiwaya kifupi nilichounganisha kati ya L (umeme unapoingia) na COM (upande wa kuingilia wa swichi ya kipokezi), ukasema, "Kitoe hicho, ndugu yangu!" Boila yetu haitaki umeme kutoka kwenye kipokezi, volti 230 zingeunguza bodi yake ya saketi. Kwenda kwenye boila ni nyaya mbili tu: COM na NO (upande wa swichi unaounganishwa joto linapohitajika). Boila ikanguruma, rejeta za ukutani zikapata joto. Mama alikuombea dua palepale. Mungu akuzidishie, kaka.