Risala ya wasaidizi wa kisheria wa kata kwa Mgeni Rasmi, Tanga: ombi la ofisi ya uangalizi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Waheshimiwa viongozi wa Serikali na wa dini,
Mwenyekiti wa kikundi,
Ndugu wahitimu, wazazi, mabibi na mabwana,

Assalaam alaykum. Tumsifu Yesu Kristo.

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetukutanisha tukiwa wazima katika siku hii ya kufunga mafunzo ya wasaidizi wapya wa kisheria wa kata yetu. Tunakushukuru nawe, Mheshimiwa, kwa kuacha shughuli nyingi za Serikali ukaja kuketi nasi chini ya turubai hili. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, nasi tumeiandika risala hii tukiwa na matumaini hayo.

Kikundi chetu kilianza mwaka 2018, mwaka mmoja baada ya kutungwa kwa Sheria ya Msaada wa Kisheria, tukiwa wanachama saba na daftari moja. Leo tuko ishirini na watatu, na kati yetu wanawake ni kumi na watano. Mengine ya historia yetu yamo katika taarifa uliyokabidhiwa mlangoni.

Mafanikio yetu ni makubwa na tunayataja kwa fahari. Elimu ya dhamana imefika katika kila mtaa wa kata hii, na mzazi ambaye zamani alikwenda kituoni na fedha mkononi akidhani dhamana inanunuliwa, leo anakwenda na kitambulisho chake na barua ya serikali ya mtaa. Tumesuluhisha migogoro ya mirathi na mipaka ambayo ingejaza mahakama. Tumenunua kabati la chuma lenye kufuli na viti kumi na viwili kwa michango yetu wenyewe, na wahitimu tisa walio mbele yako wamefundishwa bila mfadhili yeyote kutoka nje. Tunathubutu kusema kwamba kwa kazi hii kata yetu ni mfano kwa mkoa mzima wa Tanga.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, baada ya hayo tunaomba muda wote uliobaki tuutumie kwa jambo moja, ambalo ndilo lililotufanya tukuandikie barua tatu za mwaliko. Jambo hilo ni ofisi ya uangalizi, yaani ofisi ya afisa anayewasimamia wakosaji wanaotumikia adhabu nje ya gereza.

Sheria ya Huduma kwa Jamii ilitungwa mwaka 2002. Inamruhusu hakimu, pale ambapo kosa la mshtakiwa lina kifungo kisichozidi miaka mitatu, au pale ambapo yeye mwenyewe ameona kwamba kifungo kinachomstahili mkosaji huyo hakizidi miaka mitatu, aamuru atumikie adhabu yake akiwa nje ya gereza kwa kufanya kazi za umma bila malipo, huku akilala nyumbani kwake. Kwa hiyo, Mheshimiwa, hatukuja kuomba sheria mpya. Sheria ipo na imetimiza zaidi ya miaka ishirini. Tunachokosa ni mtu wa kuifanya itembee hapa kwetu.

Tunaomba tulieleze hili kwa urefu kidogo, kwa sababu tumegundua kwamba hata viongozi wenye nia njema hawalifahamu. Hakimu hawezi kuamka tu akasema mtu huyu akafagie soko. Anahitaji taarifa ya uchunguzi wa kijamii, na taarifa hiyo huandikwa na afisa uangalizi, ambaye hulazimika kwenda hadi nyumbani kwa mkosaji, azungumze na familia yake, majirani, mwenyekiti wa mtaa na aliyetendewa kosa, kisha aieleze mahakama kama mtu huyo ana makazi ya kudumu na kama jamii iko tayari kumpokea. Adhabu ikishatolewa, afisa huyo huyo ndiye anayemtafutia mahali pa kazi, anayesimamia saa zake, na anayemrudisha mbele ya hakimu akikaidi. Pasipo afisa hakuna taarifa, na pasipo taarifa hakimu anabaki na njia mbili tunazozijua sote, yaani faini au jela.

Afisa anayetuhudumia sisi tunamheshimu sana, na lawama yoyote katika risala hii haimgusi. Anafuatilia kata nyingi, kutoka pwani hadi bara, akitumia daladala na nauli ya mfukoni mwake. Hana chumba huku kwetu. Tukimtafuta tunampigia simu, naye mara nyingi huwa yuko mahakama nyingine.

Mwaka jana kijana mmoja wa miaka kumi na tisa, baharia katika mashua ya kuvulia, alitiwa hatiani kwa kuiba vipande viwili vya nyavu. Alikiri siku ya kwanza. Hakimu aliuliza kama kuna taarifa ya uangalizi. Haikuwepo, shauri likaahirishwa. Likaahirishwa tena, na tena, na kila mara mama yake, ambaye huuza samaki wa kukaanga, alifunga biashara yake siku nzima kwenda kuketi kwenye benchi la mahakama. Mwenye nyavu mwenyewe alisimama akaomba kijana asifungwe, akisema kwamba anataka mtu wa kumshonea nyavu zake na kwamba kijana akiwa ndani yeye hatapata chochote. Taarifa haikuja. Hakimu alitoa adhabu ya faini au kifungo cha miezi sita, fedha haikupatikana, na kijana akapanda karandinga jioni ile. Alitoka akakuta nafasi yake kwenye mashua imechukuliwa. Msaidizi wetu aliyelifuatilia shauri lile tangu mwanzo hadi mwisho bado anaulizwa na yule mama kama kulikuwa na jambo la kufanya zaidi, naye hana jibu la kumpa.

Na kazi za kufanywa zipo, Mheshimiwa. Mitaro ya kata hii huziba kila masika na maji huingia hadi vyumbani mwa watu. Kuta za zahanati hazijapakwa rangi kwa miaka kadhaa. Mikoko iliyokatwa ufukweni inasubiri kupandwa upya. Mganga wa zahanati na walimu wakuu wawili wameshatuandikia barua za kukubali kupokea watu wa huduma kwa jamii, na barua hizo tumeziambatisha.

Tunafahamu kwamba Serikali inalijua tatizo la magereza. Kwa miaka mingi mahabusu, yaani watu ambao kesi zao hazijaamuliwa, wamekuwa sehemu kubwa ya wote walio magerezani nchini, na vipo vipindi walipokaribia nusu. Mheshimiwa Rais Samia Suluhu Hassan aliunda tume mwaka 2023, chini ya Jaji Mkuu Mstaafu Mohamed Chande Othman, kuangalia namna ya kuboresha taasisi za haki jinai, nayo ikakabidhi ripoti yake Julai mwaka huo huo. Tulifurahi sana siku ile, tukiwa tumeizunguka redio moja. Aidha, tunatambua msamaha ambao Rais hutoa kwa wafungwa katika sikukuu za kitaifa, na tunatambua parole, yaani kumtoa mfungwa kwa masharti kabla kifungo chake hakijaisha, iliyowekewa sheria yake mwaka 1994 kwa ajili ya wafungwa wa vifungo virefu. Lakini vyote viwili vinamfikia mtu akiwa ameshaingia gerezani, ameshapoteza kazi, na watoto wake wameshazoea kuitwa watoto wa mfungwa. Huduma kwa jamii ndiyo inayomkuta kabla ya lango, na kwa maoni yetu mageuzi yanayosemwa Dodoma yatafika kwa mwananchi wa Tanga siku atakapomwona afisa uangalizi katika ofisi ya kata yake.

Wapo wenzetu wanaosema kwamba adhabu hii ni kumdekeza mwizi. Hatuwadharau, kwa sababu wengi wao wameibiwa. Tunawajibu kwamba kijana anayezibua mtaro mbele ya macho ya waliomlea, wiki baada ya wiki, haoni kwamba amedekezwa, na kwamba makosa makubwa hayamo kabisa katika ombi letu. Anayestahili gereza aende gerezani.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba uvumilivu wako kwa hili linalofuata. Ombi hili si jipya. Mwaka juzi tulilisoma mahali hapa hapa. Mgeni rasmi wa siku ile alilikubali mbele ya wananchi, akaahidi chumba ndani ya miezi mitatu na pikipiki kabla ya mwaka kwisha, na yeye mwenyewe akatukumbusha kwamba ahadi ni deni. Tulipiga makofi, wanawake wakapiga vigelegele. Baadaye tuliandika barua mbili. Ya kwanza ilijibiwa kwamba suala linafanyiwa kazi, na ya pili haijajibiwa hadi leo. Mwaka jana tulilisoma tena kwa mwakilishi aliyetumwa, naye akatueleza kwamba hana taarifa ya ahadi ya awali. Tunayasema haya kwa heshima yote, kwa kuwa wananchi waliopiga makofi mwaka juzi ndio hawa walioketi nyuma yako leo, nao hutuuliza sisi, hawamuulizi yule aliyeahidi.

Kwa sababu hiyo safari hii tumepunguza ombi letu hadi kufikia kiasi ambacho tunaamini kipo ndani ya uwezo wako. Katika jengo la ofisi ya kata kuna chumba cha mwisho upande wa kulia, ambacho kwa sasa kimewekwa mifuko ya saruji iliyoganda na baiskeli mbovu. Tunaomba kitolewe kwa ajili ya afisa uangalizi. Sisi wenyewe tutakisafisha, tutakipaka rangi na tutatoa meza, viti viwili na nafasi katika kabati letu. Tunaomba pia utuandikie barua kwa mamlaka inayohusika katika Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi, ili afisa apangiwe kukaa katika chumba hicho angalau siku mbili kwa wiki, zilingane na siku za mahakama. Pikipiki tunaiomba bado, ila ikichelewa wanachama wetu wawili wenye bodaboda wamejitolea kumpeleka afisa majumbani kwa mafuta tutakayochanga.

Chumba hicho kiko hatua chache kutoka hapa uliposimama. Mtendaji wa kata amekuja na ufunguo, na tunaomba kwamba kabla ya chakula utembee nasi ukakione kwa macho yako. Barua ya ombi imo katika bahasha ya kaki iliyo mbele yako, na tumeacha nafasi ya kuandika tarehe.

Tunaomba kuwasilisha.

Katibu,
kwa niaba ya wasaidizi wa kisheria wa kata