Barua kwa mwanangu: geuka ndipo useme

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeupata. Umepangiwa Kasulu, darasa la tatu, watoto zaidi ya mia, na mwalimu mkuu amekwambia yupo mmoja mwenye ualbino na mwingine asiyesikia vizuri. Tumefurahi sana, baba yako ameshatangaza kijiji kizima. Ila ile kauli yako kwenye simu, kwamba hao wawili wangetafutiwa mwalimu wa elimu maalumu, haijaniingia. Walimu hao wanasomeshwa chuo cha Patandi, Arusha, na hawatoshi. Mpaka aje mmoja, mwalimu wao ni wewe. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inawapa haki ya kusoma shule ya kawaida, na kusoma si kukalia dawati tu.

Hofu yangu iko ubaoni. Juzi mdogo wako, naye mwenye ualbino, karudi na daftari la hisabati, mistari mitupu katikati. Mwalimu alikuwa anagonga ubao kwa chaki: "Hii ukiitoa hapa, unaileta huku." Mdogo wako anakaa mbele kabisa, lakini uoni hafifu hauponi kwa kusogeza dawati, na mwanga wa dirisha ukimpiga machoni, ubao wote unapotea. Basi wewe taja namba. Sema "saba toa tatu". Kila unachoandika kisome kwa sauti. Lakini usisome huku umewapa mgongo, maana yule asiyesikia vizuri anakutazama mdomo. Andika mstari mmoja, geuka, ndipo useme. Utachelewa kumaliza kipindi. Chelewa.

Makumi na mamoja yafundishe kwa vijiti na vizibo vya soda, kila mtoto ashike. Ramani ya Tanzania ibandike juu ya boksi kwa kamba ya katani, mipaka waipapase kwa vidole, hata wanaoona vizuri. Kamba nitakufungia, huku Muheza haikosekani.

Wenzao ndio watakaokusaidia zaidi, ukiwaelekeza. Usimgeuze mtoto mmoja kuwa msomaji wa ubao wa mwenzake mwaka mzima. Wapokezane, na huyo anayesomewa pia awasaidie wenzake analoliweza. Salamu za lugha ya alama wajue darasa zima. Mwalimu wa zamu asimvue mtoto mwenye ualbino kofia mstarini, ile ni kinga yake ya jua. Na ukisikia mtu, hata mwalimu mwenzako, anamwita mtoto huyo "dili", kana kwamba viungo vyake ni mali ya kuleta utajiri, usinyamaze. Watu wameuawa nchi hii kwa imani hiyo. Najua una moyo wa kusema, nimekuona ukimtetea mdogo wako. Ninachotaka ni umtetee na mtoto wa mwenzio.

Ulizia kliniki ya hapo kama wanapata Kilisun, yale mafuta ya kukinga ngozi na jua yanayotengenezwa hospitali ya KCMC, Moshi. Ya mdogo wako yanaelekea kuisha.

Blanketi zito usiliache, Kasulu kuna baridi. Baba yako anaezeka upya jiko, kwa hiyo hela ya godoro nitaituma mwisho wa mwezi. Yule fundi cherehani anadai bado hujamlipa suruali mbili, mmalize kabla ya kupanda basi.

Na wiki ya kwanza ukiwa na haraka ya kumaliza mada, kumbuka: andika, geuka, sema.

Ukifika piga simu, hata kama ni usiku.

Mama yako