Barua ya wazi kwa Waziri wa Ulinzi wa Kenya: rekebisheni kumbukumbu za askari wa Keya

Mheshimiwa Waziri,

KUH: NISHANI ZILIZOACHWA KATIKA KUMBUKUMBU ZA UTUMISHI ZA ASKARI WA KING'S AFRICAN RIFLES

Babu yangu mzaa baba alikuwa askari wa King's African Rifles (KAR, au Keya), jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki, na aliachishwa mwaka 1946. Cheti chake kipo. Kimekunjwa mara nne hadi mikunjo ikakatika, lakini maandishi yanasomeka. Penye kikosi pameandikwa kikosi cha 11 cha KAR. Penye utumishi wa nje pameandikwa SEAC, yaani kamandi ya Kusini-Mashariki mwa Asia. Penye nishani ipo moja tu: Medali ya Vita ya 1939–1945. Nyota ya Burma, nishani ya waliotumikia katika mapigano ya Burma (Myanmar ya leo), haikuandikwa.

Nakuandikia hadharani kwa sababu jambo hili si la nyumba yetu peke yake. Vijana karibu 98,000 kutoka Kenya waliingia jeshini katika Vita vya Pili vya Dunia, wengine kwa hiari, wengine kwa kusukumwa na chifu. Waliobaki hai wanahesabika, na mdogo wao kabisa amekaribia miaka 100 kama hajaipita. Wengi wameacha karatasi kama hii, na wajukuu wanaoitazama bila kujua kwamba haijakamilika.

Niruhusu nieleze kwa nini mstari huo mmoja una uzito. Medali ya Vita ilikuwa haki ya kila askari aliyetumikia siku 28, popote alipokuwa. Mtu mwenye hiyo peke yake, kwa macho ya anayesoma karatasi, huenda alikaa kambini Nanyuki akipanga magunia mpaka vita vikaisha. Sisemi kupanga magunia ni aibu. Ila Nyota ya Burma ilikuwa na masharti yake: askari wa nchi kavu alitakiwa awe amekanyaga eneo la mapigano la Burma, hata kwa siku moja, kati ya tarehe 11 Desemba 1941 na 2 Septemba 1945.

Na kikosi cha 11 kilikanyaga. Kilikuwa katika Brigedi ya 25 ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, pamoja na kikosi cha 26 cha Tanganyika na cha 34 cha Uganda. Divisheni ilipelekwa Ceylon, Sri Lanka ya leo, mwaka 1943. Katikati ya 1944 ikaingizwa Burma, ikateremka bonde la Kabaw mvua za monsuni zikiwa zimepamba moto. Barabara ziligeuka uji, chakula na risasi vikawa vinadondoshwa na ndege, na malaria ikawa inaangusha watu bila kungoja Wajapani. Desemba 1944 wakafika Kalewa na kuvuka mto Chindwin. Babu hakuwa mtu wa hadithi za bunduki. Alisimulia ruba, matope, na namna walivyolala wamesimama. Kwa hiyo, mtu ambaye cheti chake kinasema kikosi cha 11 na SEAC, huyo ana hoja nzito ya kudai Nyota ya Burma kutoka kwenye karatasi ile ile iliyomnyima.

Ilikuwaje basi ikaachwa? Sababu moja iko kwenye tarehe. Nyota na medali za vita hivyo zilitangazwa kati ya mwaka 1943 na 1945, lakini zenyewe zilianza kugawiwa mwaka 1948. Askari wa KAR walikuwa wamekwisha kurudi vijijini, hawana sanduku la posta, na jina lililoandikwa jeshini mara nyingi ni moja tu likifuatwa na la baba, kwa tahajia ya karani ambaye hakujua lugha ya mwenye jina. Hata huko Uingereza kwenyewe askari walitakiwa kujaza fomu kuomba nyota zao. Mtu wa Mwingi au Bondo angeijazia wapi fomu hiyo? Basi palepale alipoachia karani mwaka 1946 ndipo kumbukumbu ilipoishia.

Jambo jingine ambalo wengi hawalijui: nishani za Vita vya Kwanza zilichongwa jina na namba ya askari ukingoni, ila zile Waingereza walizotoa kwa Vita vya Pili hazikuchongwa kitu. Ni chuma kitupu chenye utepe. Ukiikuta Nyota ya Burma sokoni Gikomba leo, huwezi kujua ilikuwa ya nani. Ndiyo maana, Mheshimiwa, sikuandiki nikuombe chuma. Naomba karatasi. Chuma bila jina kinatambulishwa na kumbukumbu, na kumbukumbu ikikosea hakuna kitu kingine cha kuisahihisha.

Tarehe 1 Novemba 2023, Mfalme Charles alikwenda kwenye makaburi ya vita ya Kariokor, Nairobi, akawakabidhi wazee wachache wa KAR nishani mpya badala ya zile walizopoteza. Nilifurahi kwa ajili yao. Baadhi yao, kama ilivyoelezwa wakati huo, waliziharibu wenyewe miaka ya Mau Mau, kwani kukutwa na nishani ya Mfalme wa Uingereza kungeweza kukuletea balaa. Lakini tazama vizuri walikuwa nani: wazee walio hai, waliopatikana, na ambao habari zao zilikuwa zimethibitishwa. Sherehe ilizibadilisha nishani zilizokuwa zimepotea. Zile ambazo hazikuandikwa tangu mwanzo hazikuguswa, na hazingeweza kuguswa kwa sherehe. Hizo zinatatuliwa mezani, kwa kalamu, na mtu aliyepewa kazi hiyo.

Najua jibu ambalo huenda likatolewa: hawa walipigania mkoloni, waende wakamdai mkoloni. Mheshimiwa, nalijibu kwa historia ya wizara yako mwenyewe. Usiku wa tarehe 12 Desemba 1963, vikosi vya 3, 5 na 11 vya KAR ndivyo vilivyogeuka kuwa Kenya Rifles. Kikosi cha babu ni miongoni mwao. Serikali ilirithi kambi, ikarithi bunduki, ikarithi na askari wenyewe. Haiwezi kurithi vyote hivyo ikaacha madaftari nje ya mlango. Isitoshe, Waruhiu Itote, tunayemjua kwa jina la Jenerali China, alipigana Burma kabla ya kuingia msitu wa Mlima Kenya na Mau Mau. Tunampa heshima kwa vita vyake vya pili. Vya kwanza ndivyo vilivyomfundisha kushika bunduki.

London nayo haijakwepa lawama. Mwezi Aprili 2021, Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri katika ripoti yake kwamba Waafrika, Wahindi na wengineo wasiopungua 116,000 waliokufa hasa katika Vita vya Kwanza hawakukumbukwa kwa majina yao, au hawakukumbukwa kabisa, na kwamba idadi inaweza kufika 350,000. Waziri wa Ulinzi wa Uingereza wa wakati huo, Ben Wallace, aliomba radhi bungeni. Na mwaka 2011, kesi ya wazee wa Mau Mau ilipokuwa mahakamani London, ikajulikana kwamba maelfu ya mafaili ya makoloni 37, Kenya ikiwemo, yalikuwa yamefichwa Hanslope Park, kituo cha serikali ya Uingereza, miaka yote hiyo. Yaani hawa watu wanaweza kupata karatasi wakibanwa. Hasa ndiyo sababu nataka wabanwe na serikali. Mjukuu mmoja mwenye bahasha hawezi.

Nimewahi kujaribu peke yangu. Ofisi moja iliniambia kumbukumbu za askari Waafrika hazimo kwao, niulize nyingine. Ile nyingine ikanirudisha kwa ya kwanza. Sitaji majina, kwa sababu makarani niliozungumza nao walikuwa wastaarabu na hawakuwa na uwezo wa kufanya zaidi. Tatizo ni kwamba hakuna aliyeandikiwa kwamba hii ni kazi yake.

Sheria ipo. Ibara ya 35(2) ya Katiba ya 2010 inampa kila mtu haki ya kusahihishiwa au kufutiwa habari zisizo za kweli au zinazopotosha, zinazomwathiri. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inazitaka taasisi za umma zirekebishe habari za mwombaji zilizo na makosa au zisizokamilika. Ugumu ni hapo kwenye neno mwombaji. Babu hawezi kuomba. Amelala shambani kwake. Sheria imeandikwa kana kwamba mwenye habari yu hai na anaweza kupanga foleni. Kwa kizazi cha Burma hilo halipo tena, isipokuwa kwa wachache wanaobebwa kwenye viti. Waziri akitoa mwongozo kwamba mjane, mtoto au mjukuu aliyethibitishwa na chifu wa eneo anaweza kuomba kwa niaba ya marehemu, mlango umefunguka bila kwenda bungeni. Uingereza yenyewe hukubali jamaa wa karibu wa marehemu aombe nishani za Vita vya Pili ambazo hazikuwahi kuchukuliwa, mradi alete uthibitisho. Kinachokosekana ni uthibitisho kutoka huku.

Na uthibitisho huo unaweza kujengwa. Shajara za vita za vikosi vilivyokuwa chini ya SEAC zimehifadhiwa kwenye Nyaraka za Taifa za Uingereza, Kew, katika fungu la WO 172. Zinaonyesha kikosi kilikuwa wapi, siku kwa siku. Hazitaji kila askari, bila shaka; askari wa kawaida huonekana humo akifa au akifanya kosa kubwa. Lakini ukiweka shajara ya kikosi kando ya cheti cha mtu mwenye tarehe, na orodha ya majina ya kikosi ikipatikana, hesabu inafungika. Kazi ya namna hii hufanywa na mtafiti mmoja mvumilivu kwa kikosi kizima, na baada ya hapo kila familia ya kikosi hicho inafaidika. Ni upuuzi kila mjukuu aifanye upya kwa nauli yake.

Wale waliopigana Somalia na Abyssinia (Ethiopia ya leo) wasisahaulike. Kwao nishani iliyoachwa huwa ni Nyota ya Afrika, ambayo watu hudhani ni ya Misri na Libya tu. Waliotumika Abyssinia, Somalia na Eritrea kati ya Juni 1940 na Novemba 1941 walistahili pia. Nimeona vyeti ambavyo karani ameandika Abyssinia kwa mkono wake mwenyewe, kisha penye nishani akapiga mstari.

Labda utauliza kama nafungua mlango kwa waongo. Swali la haki. Idi Amin alijigamba kwamba alipigana Burma, ilhali kumbukumbu zinaonyesha aliandikishwa KAR mwaka 1946, Wajapani wakiwa wamekwisha salimu amri. Baadaye akajivika nishani alizojitungia mwenyewe. Daftari ndilo lililomuumbua. Mimi nataka daftari hilohilo, kwa ukali uleule. Lilivyomtoa Amin Burma, limwingize aliyekuwako. Na kama shajara itaonyesha kwamba babu yangu alibaki hospitali Ceylon wenzake walipovuka, nitalipokea jibu hilo na kunyamaza.

Ninachoomba ni hiki. Wizara itamke hadharani madaftari na orodha za askari wa KAR zilizoachwa mwaka 1963 ziko wapi, na zile ambazo hazipo iseme hazipo, ili tusipoteze muda. Iteue dawati moja, na mtu mwenye jina, la kupokea maombi ya marekebisho. Iandikiane na Wizara ya Ulinzi ya Uingereza ili cheti cha KAR kilichothibitishwa Nairobi kikubaliwe huko pamoja na shajara ya kikosi. Na mabadiliko yakikubaliwa, yaandikwe kwenye kumbukumbu yenyewe na familia ipewe nakala yenye muhuri, hata kama nishani ya chuma haitatolewa kamwe. Tanzania, Uganda na Malawi zina vyeti vya namna hii pia, maana vikosi vilichanganywa, na nadhani wenzako wa huko wangeshukuru mtu mmoja akianza.

Kwenye mnara wa askari ulioko Barabara ya Kenyatta, Nairobi, Waingereza waliahidi kwa Kiswahili kwamba ukipigania nchi yako, hata ukifa, wanao watalikumbuka jina lako. Waliandika hivyo kwa Vita vya Kwanza, kisha wakaacha majina ya wengi. Ahadi hiyo imesimama katikati ya mji wako mkuu, na ofisi yako haiko mbali nayo.

Pamoja na barua hii nimetuma wizarani nakala ya cheti chenye namba ya askari, nakala ya cheti cha kifo na barua ya chifu. Sheria ya 2016 inatoa siku 21 za kujibu. Nitakubali jibu fupi, hata likiwa la kusema ombi limepokelewa na limepewa nani.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mjukuu wa askari wa kikosi cha 11, KAR