Barua kwa wanangu mnaoandika vichekesho vya walimu

Wanangu,

Miswada yenu mitatu imenifikia na nimeisoma yote. Yote inahusu walimu, na yote imetanguliwa na ukurasa unaotangaza kwamba hiki ni kichekesho ambacho runinga haijapata kukiona. Mambo ya ndani nimeyatia kalamu, kila mtu ataona yake. Ukurasa ule wa mbele ndio ulioniondolea usingizi, maana ulinikumbusha Chalk, kichekesho cha runinga cha Uingereza.

Sidhani kama mmeisikia. Jina lake ni chaki tu, na BBC ilianza kuirusha Februari 1997. Mambo yanatokea katika shule ya sekondari iitwayo Galfast, na mwenye kuyavuruga ni makamu mkuu wa shule, Eric Slatt, mtu wa hasira na uongo, akiigizwa na David Bamber. Mkuu wa shule mwenyewe anaitwa Richard Nixon, jina la yule rais wa Marekani aliyejiuzulu kwa kashfa, basi jueni mmefika wapi. Katikati ya balaa hilo anaingia Suzy Travis, mwalimu mgeni wa Kiingereza, ambaye ni Nicola Walker akiwa bado msichana. Mwaka haujaisha, misimu miwili imeshapita, sehemu 12, na shule ikafungwa moja kwa moja.

Najua mtakimbilia kusema mwandishi hakuijua kazi ya ualimu. Aliijua. Steven Moffat, mwandishi wa Chalk, alifundisha Kiingereza Scotland kabla ya kuishika kalamu ya runinga, na baba yake alikuwa mwalimu mkuu. Hata tamthilia iliyomtoa, Press Gang ya mwaka 1989, kuhusu wanafunzi wanaoendesha gazeti, chanzo chake ni wazo la huyo baba. Kwa hiyo ushauri mnaopeana kila siku, kwamba andika unachokijua na mengine yatakuja, mimi siuamini kama mnavyouamini ninyi. Huyu ofisi ya walimu aliijua hadi harufu yake, na haikumwokoa.

Naona kilichomponza ni kwamba kicheko kilifika sebuleni kabla ya mchezo. BBC waliipenda kazi hiyo hadi wakaagiza msimu wa pili wakati wa kwanza haujaonekana na mtu. Kisha, kabla haijarushwa, ikaanza kulinganishwa na Fawlty Towers, kichekesho cha hoteli wanachokiheshimu mno. Kwa Waingereza hilo ni sawa na kumpeleka bibi harusi kwa wakwe huku mkipiga mbiu kwamba anapika kumshinda mama mkwe. Nani ataonja chakula chake kwa moyo mweupe? Wahakiki walikuja na mizani mkononi, wakapima, wakaitupa. Wazee walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Chalk haikuwa mbaya kiasi hicho, ila hata kitu chema kikitembezwa sana watu hukidhania kibaya.

Sasa angalieni hiyo Fawlty Towers yenyewe ilivyoingia. Mwaka 1974 mhariri wa miswada wa hapohapo BBC aliisoma kazi ya John Cleese na Connie Booth, akaandika kwamba imejaa mambo yaliyochakaa na itakuwa maafa matupu. Ikapita hivyohivyo, bila mtu kuahidi kitu. Msimu wa kwanza 1975, wa pili 1979, jumla sehemu 12, idadi ileile ya Chalk. Lakini hawa walijipa miaka minne katikati ya misimu, wakati Moffat alimaliza zote ndani ya mwaka mmoja.

Mwingine ataniambia shida ni vicheko vya studio. Kweli, vya Chalk vinapiga kelele hadi unahisi wewe nyumbani umechelewa sherehe. Ila Fawlty Towers nayo ilirekodiwa mbele ya watu wanaocheka. Tofauti iko kwenye ngazi. Kuna usiku ambapo Basil, mwenye hoteli, ana wageni wachache wa heshima wanaosubiri chakula cha jioni, mpishi amelewa, chakula kinafuatwa kwingine, gari linazima njiani. Njia zote zimefungwa ndipo anashuka, anang'oa tawi na kulichapa gari lake. Tumepanda naye hatua kwa hatua, kwa hiyo tunamcheka na kumhurumia palepale. Slatt anapoingia tayari yuko juu kabisa anafoka. Ukianza na tawi, utamalizia na nini?

Ndiyo maana makamu wenu katika mswada wa pili nimemwondolea mayowe yote ya kurasa nane za mwanzo. Mwacheni adanganye kidogo tu kuhusu daftari la mahudhurio, halafu uongo umfuate.

Mkitaka kuona walimu wasiomlazimisha mtu kucheka, tazameni Abbott Elementary ya Marekani, iliyoanza Desemba 2021. Quinta Brunson ni mtoto wa mwalimu wa chekechea wa Philadelphia, na mwaka 2022 alipata Emmy, tuzo ya runinga ya Marekani, ya uandishi kwa kazi hiyo. Hakuna vicheko vya studio, na imepigwa kana kwamba wapiga filamu ya maisha halisi wamo shuleni. Jambo la aibu linatokea, mwalimu anaitupia kamera jicho, ananyamaza, na ukimya huo unaachiwa wewe. Lakini msiifanye hiyo nayo kuwa dawa ya kila ugonjwa. Mswada wa tatu una watu 19 wanaoitazama kamera. Nimehesabu.

Na msimlilie Moffat. Mwaka 2000 alirudi na kichekesho kingine, Coupling, tena mbele ya watazamaji wa studio, ikaenda misimu minne. Baadaye akashika tamthilia kubwa za BBC, Doctor Who na Sherlock.

Jumatatu nitawarudishia karatasi zenu, kurasa za mbele nimebaki nazo. Wewe wa mswada wa tatu, pale mwalimu wa hesabu anapohesabu vipande vya chaki jioni, anaona kimoja kimepungua, anaanza kuvihesabu upya wakati mlinzi anamsubiri na ufunguo, nilicheka peke yangu hadi nikaamsha watu. Ongeza ukurasa mmoja hapo. Mlinzi asiseme neno.

Mzee wenu